Nani Ataketi na Mtoto?

Neno moja limepata wafuasi wengi miongoni mwa watu wetu waliosoma, nalo ni hili: kwamba masomo ya mtandaoni yameondoa umbali. Yasemwa kuwa mtoto wa Mbinga na mtoto wa Dar es Salaam sasa waweza kuwa katika darasa moja, kila mmoja akiwa nyumbani kwao, maadamu kila mmoja ana kioo cha simu mbele ya macho yake. Neno hili hutamkwa katika mikutano, huandikwa katika maombi ya fedha, na hurudiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu katika insha zao kama jambo lililokwisha kuthibitishwa. Makala haya yameandikwa kulipinga. Sisemi kuwa mtandao ni mbaya, maana mimi mwenyewe nautumia kila siku. Nasema kuwa mtoto mdogo, yaani wa miaka mitano hadi minane, hafundishwi na kioo. Hufundishwa na mtu aliye karibu naye. Mpango wowote wa masomo ya nyumbani ambao haujibu nani ataketi na mtoto, saa ngapi, na kwa gharama ya nani, haustahili kuitwa mpango wa elimu.

Tutazame kwanza yaliyotokea. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Serikali ya Tanzania iliamuru shule za awali, za msingi na za sekondari zifungwe. Vyuo na kidato cha sita vilirudi tarehe 1 Juni, na watoto wengine tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya siku 100, basi, mtoto wa darasa la kwanza alikuwa nyumbani. Vipindi vya masomo vikatangazwa kwa redio na televisheni. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vikasomeka katika maktaba ya mtandaoni. Na baadhi ya shule za kulipia mijini zikaendesha masomo kwa simu na kompyuta. Juhudi ile ilikuwa njema, nami simlaumu mtu aliyejaribu kuwasha taa gizani. Ninaowalaumu ni wale ambao, giza lilipokwisha, walihesabu vipindi vilivyotangazwa wakasema kwamba watoto walisoma. Kutangaza somo si kufundisha, kama kutupa mbegu njiani kusivyokuwa kulima.

Tuanze na milima. Machi ndio mwezi ambao Wamatengo hutengeneza ngoro. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa mistari inayokatana mpaka shamba la mteremkoni likawa miraba. Kisha udongo hufukuliwa katikati ya kila mraba na kufunika nyasi, na maharage hupandwa juu ya matuta hayo. Mashimo yanayobaki hushika maji ya mvua yasiuchukue udongo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kulaza nyasi, na wanawake hufukua. Kazi hii haingoji mtu. Tangazo la kufunga shule lilipotoka, mama wa mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na jembe mkononi tangu umande hata alasiri. Na shule zilipokaribia kufunguliwa, kahawa ilikuwa imeanza kuiva, nayo yataka kuchumwa, kumenywa, kuoshwa na kuanikwa kwa wakati wake. Je, somo la saa nne asubuhi lilimkuta nani nyumbani? Lilimkuta mtoto na bibi yake, au mtoto na mdogo wake mgongoni.

Tushuke ziwani. Katika mwambao wa Nyasa, tangu Lituhi hata Liuli, na tangu Liuli hata Mbamba Bay na kuendelea mpaka wa Msumbiji, saa za watu huongozwa na mwezi. Usipa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika na kushona nyavu zao. Baba aliyekesha majini hulala asubuhi, na mama wakati huo yu ufukweni akianika usipa maadamu jua lipo. Aliyepanga ratiba ya vipindi mjini hakuuliza mwezi una siku ngapi. Simlaumu kwa kutojua mambo ya uvuvi. Namlaumu kwa kudhani kuwa hakukuwa na jambo la kuulizwa.

Wapinzani wangu watasema kuwa hayo ni mambo ya kupita, na kwamba maendeleo yaja. Kweli yamekuja. Nyasa ilitengwa na Mbinga ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018 kwa njia itokayo Makambako. Lami sasa yateremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, mwendo wa kilomita 66 hivi, ambao zamani wakati wa masika ulikuwa mtihani kwa dereva na abiria. Nayafurahia yote. Lakini nguzo ya umeme haiketi na mtoto. Na simu ya kutazamia picha, nyumba ikiwa nayo, aghalabu ni moja, nayo ni ya baba au ya kaka mkubwa. Ndiyo mkoba wa fedha, ndiyo barua, ndiyo habari ya bei ya kahawa. Humfuata mwenyewe shambani na sokoni. Hesabu iliyotolewa na UNICEF pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano mwaka 2020 ilionyesha kwamba thuluthi mbili za watoto wa dunia wenye miaka 3 hadi 17, yaani watoto bilioni 1.3, hawakuwa na intaneti nyumbani. Mtoto wa Mbinga basi si wa ajabu. Yeye ni mmoja wa walio wengi. Wa ajabu ni yule ambaye mpango ulitungwa kwa ajili yake.

Lakini tuseme vifaa vyote vimepatikana. Tuseme kila nyumba ina kioo chake, na mawimbi hayakatiki. Je, mtoto wa miaka sita atasoma? Kusoma ni kazi ya sikio, ya jicho na ya kidole kwa pamoja. Mtoto huona alama, husikia sauti yake, huitamka, hukosea, husahihishwa, hurudia. Yule anayelisikia kosa ndiye mwalimu, hata kama hana cheti. Picha inayocheza kiooni husema na watoto elfu kwa mara moja wala haimsikii hata mmoja wao.

Nilipata kuliona jambo hili kwa macho yangu. Katika nyumba moja juu ya mji wa Mbinga palikuwa na binti wa darasa la kwanza, ambaye mjomba wake alimletea simu yenye masomo ya herufi yaliyoimbwa. Binti aliimba vizuri tangu mwanzo hata mwisho, na wazee wakafurahi, wakaniambia kuwa mtoto amekwisha jua kusoma. Nikachukua kijiti nikaandika herufi ya tatu ya wimbo ule mavumbini, nikamwuliza ni nini. Akanitazama. Nikaiandika ya saba, akanitazama tena. Kisha akaanza kuimba kutoka mwanzo, apate kuifikia. Alikuwa ameusoma wimbo, hakuzisoma herufi. Bibi yake, ambaye hakuwahi kwenda shule, ndiye aliyelitambua kosa kabla yangu. Akasema, "Kumbe huyu hutaja majina ya watu asiowajua sura." Tangu siku ile sijasikia kwa mtaalamu yeyote maelezo mafupi kuliko hayo.

Hapa hutolewa hoja ya pili, nayo ina dharau ndani yake. Husemwa kuwa wazazi wa vijijini hawakusoma, au walisoma kidogo, kwa hiyo hawawezi kumsaidia mtoto, na ni afadhali mashine. Watu wasemao hivi hawajajiuliza ngoro ilifikaje kwetu. Hapakuwa na kitabu wala mhadhara. Mtoto alipewa jembe lililolingana na mkono wake, akawekwa kando ya mama yake, akafukua vibaya, akaonyeshwa, akafukua tena. Watu waliohifadhi udongo wa milima mikali kwa elimu iliyopita kwa njia hiyo, kizazi baada ya kizazi, wajua vema mwanafunzi mdogo afundishwavyo. Wasichokijua ni herufi tu, nazo zimo kitabuni.

Mama asiyejua kusoma aweza kumtengea mtoto saa yake, na asimtume maji saa ile. Aweza kumwamuru asome kwa sauti kila jioni, kisha amweleze alichosoma kwa Kimatengo au kwa Kinyasa, halafu akirudie kwa Kiswahili. Hahitaji kujua herufi ili atambue kuwa ukurasa uliosomwa jana bila kusita leo unakwepwa. Aweza kumpa usipa agawe katika mafungu sawa, na kumwuliza yamebaki mangapi baada ya kuuza manne. Haya ni masomo kamili ya darasa la kwanza na la pili. Kinachomzuia mama si ujinga. Kinachomzuia ni kwamba hapana mtu aliyemwambia kuwa kazi hii ni yake na kwamba anaiweza. Kila siku aambiwa kuwa elimu iko mahali pengine, mikononi mwa wengine, na sasa ndani ya kioo.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu yapata milioni mbili wakashiriki. Redio ndiyo iliyokuwa mashine ya siku zile, ikisifiwa kama mtandao unavyosifiwa leo. Lakini waliotunga kampeni ile hawakumwacha mkulima peke yake na sauti ya redio. Walimpa kikundi cha majirani, kitabu cha kusoma, na kiongozi aliyefunzwa kwa kazi ile. Kipindi kilipokwisha ndipo kazi ilipoanza: kitabu kilisomwa, maneno yakajadiliwa, choo kikachimbwa. Na kabla ya hapo, katika mkoa huu huu wa Ruvuma, wanakijiji wa Litowa na wenzao wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma waliendesha shule ambayo ilikuwa sehemu ya maisha ya kijiji, wakubwa na wadogo wakiijua kuwa yao. Chama kile kilivunjwa Septemba 1969. Sijadili hapa sababu za kuvunjwa kwake. Nasema tu kuwa wazo la kumfanya mzazi wa kijijini awe mwenye shule, wala si mpokeaji wa shule, lilikuwapo Ruvuma kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Tutazame na majirani. Botswana, shule zilipofungwa mwaka 2020, watafiti waliwagawa wazazi kwa kura. Wengine walipelekewa ujumbe mfupi wa hesabu kwa simu. Wengine walipelekewa ujumbe huo huo, na juu yake mwalimu akawapigia simu kwa kama dakika 20 kila juma. Wengine hawakupata kitu. Ujumbe peke yake ulileta faida haba. Waliopigiwa simu, watoto wao walisonga mbele katika hesabu. Kazi yote ilifanyika kwa simu za kawaida zisizo na intaneti: mzazi alimwita mtoto, wakasikiliza swali pamoja, wakalijibu pamoja. Kumbe kilichofundisha kilikuwa mzazi aliyeketi, na simu ilimsaidia kuketi.

Kenya nako, Julai 2020, kampuni ya Loon pamoja na Telkom Kenya zilirusha huduma ya intaneti kutoka kwenye maputo yaliyoelea angani. Dunia ikashangilia. Januari 2021, mwezi ule ule ambao watoto wa Kenya walirudi shuleni kwa ukamilifu, wenye maputo wakatangaza kuwa biashara haikulipa, na kampuni itafungwa. Hapana mtu wa kulaumiwa, maana mfanyabiashara hufuata faida. Wa kulaumiwa ni sisi tukijenga darasa la mtoto wetu juu ya puto la mtu mwingine.

Yako mambo mawili zaidi ambayo wasifu wa mtandao hawapendi kuyasikia. La kwanza ni gharama. Tangu mwaka 2016 elimu ya msingi, na ya sekondari hadi kidato cha nne, hutolewa nchini bila ada. Tulisema kwa sauti kuu kwamba mtoto asikose darasa kwa sababu baba yake hana fedha. Lakini darasa likihamishiwa simuni, bando ndilo ada, na ada hii hukusanywa na kampuni kila juma, bila msamaha kwa yatima wala kwa mjane. Aliyefuta ada kwa mkono mmoja asiirudishe kwa mkono mwingine akaiita maendeleo.

La pili ni udhaifu wa chombo chenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini ziliharibika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika kwa siku kadhaa. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Matukio haya mawili hayafanani kwa sababu zake, wala siandiki hapa juu ya siasa. Kwa mtoto mwenye somo kiooni matokeo yake ni mamoja: kioo kilikuwa cheusi. Kitabu kilichokuwa chini ya mto wake wa kulalia kilisomeka siku zote mbili.

Sasa niijibu hoja iliyo bora kupita zote, kwa kuwa si haki kujibu zilizo dhaifu tu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu hodari, huniambia hivi: "Ulimwengu wote waenda huko. Ukimnyima mtoto wa Nyasa kioo leo, utamfanya mtumwa wa mwenye kioo kesho." Hoja hii ina uzito. Lakini huo ulimwengu wenyewe umeanza kugeuka nyuma kutazama. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto wa miaka miwili hadi minne asikalishwe mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Mwaka 2023 serikali ya Sweden, nchi isiyopungukiwa na vioo, iliamua kurudisha nguvu kwenye vitabu vilivyochapwa kwa watoto wadogo. Sisi tusikimbilie kununua kile ambacho wenzetu wanakipunguza mezani pao. Tena yafaa rafiki yangu akumbuke jambo moja: mtoto wa mjini anayefaulu kwa masomo ya kiooni ana mama mwenye stashahada anayeketi kando yake, au mwalimu wa kulipwa anayekuja jioni. Tunaona kioo, hatumwoni mtu. Tukimpelekea mtoto wa Nyasa kioo pasipo mtu, tutakuwa tumempa nusu ya kitu, na nusu yenyewe ndiyo isiyofundisha. Hapo ndipo utumwa anaouogopa utakapoanzia.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kila mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu awe na kitabu cha kusoma kinachokwenda nyumbani pamoja naye. Ziko shule ambamo vitabu hufungiwa kabatini visichakae, navyo huzeeka vikiwa vipya. Kitabu kilichochakaa kwa vidole vya mtoto kimelipa deni lake. Pili, vipindi vya redio vya watoto viwe vya jioni, na kila kitongoji kiwe na kikundi cha kusikiliza kikiongozwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayelipwa kwa kazi hiyo. Vijana hao tunao, nao wanalalamika kuwa hawana kazi. Tatu, mwalimu apewe muda wa maongezi awapigie simu wazazi wakati wa kufungwa kwa shule, kama walivyofanya Botswana, na saa ya kupiga ifuate mwezi wa mvuvi na jembe la mkulima. Nne, mtandao uletwe kwanza shuleni, mikononi mwa mwalimu. Mwalimu wa Liuli au wa Lituhi mwenye intaneti, mashine ya kuchapa na karatasi, aweza kuwafikia watoto wote wa kijiji kuliko simu mia zilizotawanywa ovyo.

Shule zitafungwa tena. Ikiwa si kwa maradhi, itakuwa kwa mafuriko au kwa sababu tusiyoitazamia. Uganda shule zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hata tarehe 10 Januari 2022. Mtoto aliyekuwa na miaka sita zilipofungwa alikaribia minane. Umri wa kujifunza herufi bila shida haurudi, na mtoto hatatuuliza tulitumia programu gani. Atauliza kwa nini wenzake wanasoma naye hawezi.

Neno la mwisho nalielekeza kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaolisoma jarida hili. Wengi wenu mmetoka katika nyumba kama nilizozitaja, na kila mwaka mna likizo ndefu. Baadhi yenu mwaandika tasnifu juu ya elimu kwa mtandao bila kumsikiliza hata mtoto mmoja akisoma ukurasa mmoja. Mwakani mkienda nyumbani, chukueni kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili, kaeni na mtoto wa jirani nusu saa kila jioni kwa muda wa mwezi, na mama yake awepo. Andikeni alipokosea na alipofaulu. Kisha rudini mtuambie katika kurasa hizi kama nimekosea, nami nitasoma.